Kiangazi Ndani ya Kopo: Kuzalisha Samaki wa Msimu na Kuangua Mayai Yao

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa wafugaji wa samaki wa mapambo mjini Unguja, nayo imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wafugaji, vijana mliovuka bahari kutoka Dar es Salaam na Tanga, na wazazi mlioandamana na watoto wenu: assalaam alaykum, na asubuhi njema kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kuzalisha kilifishi, kundi la samaki wadogo wa mapambo, nyumbani na kuangua mayai yao. Samaki wa kundi hilo ni wengi, wapo Afrika ya Magharibi, wapo Amerika, wapo hata Madagaska na Shelisheli, na kila mmoja ana desturi zake. Mimi nimechagua kubaki na wetu, wale wa jenasi ya Nothobranchius, ambao spishi zake zinazojulikana ni zaidi ya 80, na ambao huishi katika madimbwi ya mvua kuanzia Somalia na pwani ya Kenya, kupitia Tanzania bara na visiwani, hadi Msumbiji na Zimbabwe. Nitawaita samaki wa msimu, kwa kuwa msimu ndio unaoamua uhai wao wote.

Nina jambo moja la kusema, na yote yatakayofuata ni kulifafanua. Mfugaji wa samaki wengine anatakiwa kujua kutunza maji. Mfugaji wa samaki wa msimu anatakiwa kujua kutunza maji, na tena anatakiwa kujua kutunza ukavu. Samaki huyu ana masika yake na ana kiangazi chake. Ukimpa masika peke yake, atang'ara, atataga, atazeeka na kufa, na kizazi chake kitaishia hapo.

Tumwanzie wa hapa kisiwani. Katika miaka ya 1888 na 1889, Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya samaki hapa Unguja na sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki, akawapeleka Hamburg, na mwaka 1893 Georg Pfeffer akaandika maelezo ya samaki mdogo aliyempa jina linalotumika hadi leo, Nothobranchius guentheri. Samaki huyo asili yake ni kisiwa hiki. Dume wake yumo ndani ya tangi hili dogo mbele yenu, na walioketi karibu wanaweza kumtazama vizuri: mwili una rangi ya samawati inayoelekea kijani, kila gamba limetiwa ukingo mwekundu, na mkia ni mwekundu mpaka mwisho wake, ambapo umezungushiwa mstari mweusi. Jike aliye pembeni yake ana rangi ya kijivu ya maji ya tope, hana pambo lolote, na rangi hiyo ndiyo inayomwepusha na macho ya mdiria na korongo. Hawazidi sana sentimita 5.

Sasa nawauliza wale waliokulia shamba. Mmewahi kuona samaki hawa katika dimbwi ambalo wiki chache zilizopita mlipita juu yake kwa miguu, ardhi ikiwa imepasuka kwa jua? Bila shaka wengine wenu mmeona. Na mlipouliza wametoka wapi, mliambiwa wameshuka na mvua. Wazee waliosema hivyo walikuwa wameangalia vizuri: hapakuwa na mto uliofika pale, hapakuwa na mtu aliyewaweka, na kabla ya mvua hapakuwa na tone la maji. Mvua ilinyesha na samaki wakaonekana. Isipokuwa wao walikuwa wamekwishafika kabla yake. Walikuwa chini ya miguu yenu, ndani ya udongo, wakiwa mayai yenye ukubwa wa milimita moja hivi.

Naomba mlitazame tendo lenyewe la kutaga, kwa sababu kazi yote ya mfugaji inatokana nalo. Dume humwendea jike kwa ubavu, humfunika kwa pezi lake la mgongoni, wote wawili hushuka mpaka wakagusa tope, hutetemeka kwa muda mfupi, na yai moja hutoka na kusukumwa ndani ya tope. Yai moja tu. Kisha huanza tena, na kwa siku moja jike aliyelishwa vizuri anaweza kutaga mayai kwa makumi. Hawana muda wa kupoteza. Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi Msumbiji walitangaza kwamba Nothobranchius furzeri, akiwa katika dimbwi lake la asili, anaweza kupevuka siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Siku 14, ndugu zangu, kutoka ndani ya yai hadi kuwa mzazi. Dimbwi likikauka, wazazi wote hufa, na aina nzima ya samaki hubaki ndani ya udongo ikingoja. Tena udongo wenyewe si wowote, bali ni ule mzito wa mfinyanzi, unaopasuka juu lakini chini ukabakiza unyevu kidogo, ambao mchanga mtupu usingeuhifadhi.

Je, yai hilo hungojaje miezi yote hiyo bila kuoza na bila kukauka?

Mwanabiolojia John Wourms alilieleza jambo hili mwaka 1972 kwa kuchunguza samaki wa msimu wa Amerika ya Kusini, na mpangilio aliouona ndio ulio kwa samaki wetu pia. Ukuaji wa kiinitete, yaani mtoto aliye ndani ya yai, unaweza kusimama katika vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni mapema mno, seli zikiwa bado zimetawanyika ndani ya yai na hakuna umbo lolote. Kituo cha pili ni pale mwili umekwisha kuanza kujengeka, uti wa mgongo una pingili zake za awali na moyo umeanza kupiga. Hapo kila kitu hupungua kasi, na yai linaweza kukaa katika hali hiyo kwa miezi. Kituo cha tatu ni pale samaki amekamilika, macho yanaonekana, tumbo limejaa kiini cha akiba, na hana haja ya kitu kingine isipokuwa maji.

Tena vituo hivyo havifuatwi kwa pamoja na mayai yote. Yai moja litapita kituo cha pili bila kusimama, na jirani yake, lililotagwa na mama yuleyule siku ileile, litalala hapo kwa muda mrefu. Kwa nini? Wakulima waliomo humu wanajua jibu, kwa sababu wamewahi kudanganywa na vuli. Mvua kubwa hunyesha siku mbili tatu, mashamba yakalowa, watu wakapanda, kisha jua likakaza na miche ikafa. Samaki ambaye mayai yake yote yangeanguliwa kwa mvua ya kwanza angekuwa amekwisha toweka zamani. Kwa hiyo mayai mengine huitikia mvua ya kwanza, mengine huingoja ya pili, na mengine huuacha msimu mzima upite. Likumbukeni hilo, kwa sababu mfugaji asiyelijua hutupa nusu ya samaki wake jalalani.

Nawapa mfano wa kijana mmoja, mfugaji hodari, ambaye alianza na Fundulopanchax gardneri, kilifishi wa Naijeria na Kamerun. Samaki yule hutaga juu ya majani na nyuzi, na mfugaji huchuma mayai kwa vidole, huyaweka katika bakuli la maji, na baada ya wiki mbili hadi tatu huanguliwa. Kijana alifanikiwa sana. Kisha akapata guentheri, akafanya vilevile: mayai ndani ya bakuli, maji safi kila siku, uangalizi wa kila saa. Wiki tatu zikapita, nne zikapita, tano zikapita. Machache yakaota ukungu, mengi yakabaki yakiangaza kama kioo bila badiliko lolote, akahukumu kwamba hayana mbegu, akayamwaga. Yalikuwa hai. Yalikuwa yamesimama katika vituo vyao kama yalivyoumbwa kufanya, yakingoja ukavu ambao hakuyapa.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Dume mmoja na majike wawili au watatu wanatosha kwa tangi la lita 20 hadi 40. Maji ya bomba yaachwe yalale siku nzima ili klorini itoke. Tieni kijiko cha chai cha chumvi ya mawe kwa kila lita 10, kwa sababu samaki hawa hushambuliwa upesi na kimelea kinachoonekana kama vumbi la dhahabu juu ya ngozi, na chumvi hiyo kidogo hukidhoofisha. Chakula kiwe hai: viluwiluwi vya mbu, viroboto-maji, minyoo midogo. Jike asiyelishwa hatagi, na sina la kuongeza hapo.

Nitakaa zaidi kwenye chombo cha kutagia. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hutumia mboji iliyochimbwa katika vinamasi vya nchi zao za baridi, nayo huku ni ghali na wakati mwingine haipatikani kabisa. Lakini sisi tuna minazi. Unga unaobaki baada ya kupiga makumbi ili kupata usumba unafanya kazi ileile, na ninausifu bila kusita. Ila uandaliwe kwa uangalifu. Makumbi yaliyofukiwa pwani na kina mama wanaosokota kamba yana chumvi nyingi na harufu ya kuoza. Loweka unga wake katika maji baridi, badilisha maji kila siku mpaka yaache kutoka na rangi nzito, kisha uchemshe na kuusuuza. Ukiwa tayari utazama wenyewe. Weka kiasi cha vidole viwili ndani ya kopo la aiskrimu, toboa mfuniko tundu ambalo samaki atapita, na ulitumbukize kopo ndani ya tangi. Wataliona. Wataingia wenyewe.

Baada ya wiki moja au mbili toa kopo, mimina vilivyomo katika chujio la kitambaa, na ukamue kwa mkono. Usiogope kukamua: yai jipya lina ganda gumu la ajabu. Mwaka 2019 watafiti wa Brazili walieleza jinsi walivyowalisha ndege aina ya bata-maji wakubwa mayai ya samaki wa msimu wa kwao, na machache, kiasi cha asilimia 1, yakatoka katika kinyesi yakiwa hai, na moja likaendelea kukua hadi kuanguliwa. Yai linalovumilia tumbo la ndege litauvumilia mkono wako.

Baada ya kukamua, tandaza unga juu ya gazeti kivulini kwa saa chache, ukiugeuza. Na hapa ndipo kiangazi kinapotengenezwa au kuharibiwa. Ukiuacha na maji mengi, mayai yatakosa hewa na ukungu utaingia. Ukiukausha mpaka uwe vumbi, yatanywea na kufa. Kipimo ni hiki: chukua unga kwenye kiganja na ufinye kwa nguvu, lisidondoke hata tone, lakini kiganja kibaki na ubaridi wa unyevu, na ukiufungua mkono unga ubomoke wenyewe. Rudieni kipimo hicho mpaka mkono ukijue, kwa sababu hakuna maelezo ya maandishi yatakayochukua nafasi ya mkono. Kisha utie unga ndani ya kikopo chenye mfuniko unaobana, andika tarehe, na ukiweke kabatini, mbali na jiko na mbali na dirisha, penye joto la digrii 24 hadi 27.

Na kisha? Kisha usifanye kitu. Najua ni vigumu. Mfugaji amezoea kulisha, kusafisha, kubadilisha maji, na sasa anaambiwa asifanye kitu kwa miezi miwili au mitatu. Kwa guentheri, katika joto la nyumba zetu, huo ndio muda wa kawaida. Kwa Nothobranchius rachovii, yule mwekundu na buluu anayetoka Beira, muda ni mrefu zaidi, miezi mitano au sita au hata zaidi. Kila baada ya wiki chache toa unga kidogo sana juu ya sahani nyeupe na utazame kwa lenzi chini ya tochi. Yai jeupe kama chokaa limekufa, liondoe. Yai linaloangaza bila kitu ndani bado limelala, lirudishe. Yai ambalo ndani yake unaona macho mawili meusi, na kuzunguka kila jicho duara la dhahabu, limefika. Usiamini kalenda. Amini macho hayo.

Siku ya kulowesha, tumia beseni pana, maji yasizidi sentimita 5, na yawe ya baridi kuliko ya tangini, digrii 18 hadi 20 hivi. Mvua ya kwanza huwa ya baridi, na ubaridi huo ni ishara kwao. Maji ya mtungi wa udongo uliokaa kivulini, yakiongezwa kidogo ya jokofu, yanafaa sana. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alilowesha kikopo chake mbele ya darasa kipindi cha kwanza, akaendelea kufundisha hesabu, na kabla ya watoto kutoka kwenda kula walikuwa wamekwisha kulizunguka beseni, wakionyeshana vijiti vidogo vyenye macho vikirukaruka juu ya unga. Watoto wale waliona katika asubuhi moja jambo ambalo wengi wetu tulilisikia tu kama hadithi ya mvua.

Vifaranga hula siku ileile. Wape artemia, vijidudu jamii ya kamba, waliototolewa katika maji ya chumvi kwa saa 24 hadi 36, mara mbili au tatu kwa siku, na ongeza maji taratibu. Wengine watabaki chini wakiburuza tumbo, kwa sababu mfuko wao wa hewa haukujaa. Mara nyingi hii hutokea mayai yakiloweshwa mapema mno au yakicheleweshwa kupita kiasi. Hao hawaponi, na mfugaji mwenye huruma hawaachi wateseke. Wazima watakua mbele ya macho yako, madume wataanza kupata rangi wiki ya tatu au ya nne, na wakubwa watenganishwe na wadogo kabla hawajawala.

Na ule unga uliobaki? Msiutupe! Msiutupe, nasema tena. Mkumbuke vuli ya uongo. Chuja, kamua, rudisha kikoponi wiki mbili hadi nne, kisha lowesha upya, na huenda mara ya pili wakatoka wengi kuliko mara ya kwanza.

Sasa mtaniuliza, na ni haki yenu kuuliza: kazi yote hii ni ya nini, kwa samaki ambaye hata akitunzwa vizuri hafikishi sana zaidi ya mwaka?

Mwaka 1968, katika eneo la Gonarezhou, kusini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Richard Furzer alimpata samaki wa msimu ambaye mwaka 1971 alipewa jina la Nothobranchius furzeri. Wachache waliingia mikononi mwa wafugaji wa nyumbani, watu kama ninyi, wenye matangi sebuleni na vikopo kabatini. Kizazi baada ya kizazi, kiangazi baada ya kiangazi, wafugaji hao wakakamua, wakaandika tarehe, wakangoja, wakalowesha. Walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2003 Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino wa Italia wakaonyesha kwamba samaki wa uzao huo, ndani ya tangi, huzeeka na kufa ndani ya miezi mitatu hivi, muda mfupi mno kwa mnyama mwenye uti wa mgongo. Maabara zikaamka. Mwaka 2015 jenomu yake, yaani mpangilio wote wa vinasaba vyake, ikachapishwa, na leo katika miji ya Jena na Cologne, Ujerumani, samaki yule hutumika kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka. Nani aliyemfikisha huko? Wafugaji wa nyumbani. Nani aliyeuhifadhi uzao ule bila kuuchanganya na mwingine? Wafugaji wa nyumbani.

Ndiyo maana nakazania kibandiko. Kila kikopo kiandikwe jina la spishi, mahali hasa wazazi wa kwanza walikotolewa, na tarehe ya kukamua. Majike wa guentheri na wa palmqvisti, spishi nyingine ya pwani ya bara, hufanana mno, na ukishachanganya hutaweza kutenganisha. Guentheri wa dimbwi moja asichanganywe hata na guentheri wa dimbwi la mbali. Na samaki wa kikoponi asimwagwe kamwe katika dimbwi la porini, hata kwa nia njema. Anayetaka kuchukua wazazi porini apate kwanza kibali cha mamlaka husika, achukue wachache, na aliache dimbwi kama alivyolikuta.

Madimbwi yenyewe yanapungua. Mwaka 2020 spishi mpya, Nothobranchius sylvaticus, ilitangazwa kutoka msitu wa Gongoni, pwani ya kusini ya Kenya, na tangu siku ya kutangazwa ilikuwa katika hatari kubwa ya kutoweka, kwa sababu makazi yake ni madogo mno. Mafia ina wake, korthausae, aliyepewa jina mwaka 1973. Soga, njiani kuelekea Morogoro, ina foerschi, wa mwaka 1979. Dimbwi likifukiwa kwa kifusi ili kujenga nyumba wakati wa kiangazi, hakuna atakayeona samaki hata mmoja akifa, kwa kuwa hapakuwa na samaki wa kuonekana. Kumbe wamezikwa wote. Tena samaki hawa hula viluwiluwi vya mbu katika madimbwi yaleyale ambako mbu huzaliana, jambo ambalo F. L. Vanderplank aliliandika tangu mwaka 1941 kuhusu samaki wa asili wa Afrika ya Mashariki, wakati nchi nyingi zilipokuwa zikiagiza samaki wa kigeni kwa kazi hiyo.

Sidai kwamba kikopo cha kabatini ni badala ya dimbwi. Nadai kwamba inafaa samaki wa Unguja wawe na watu Unguja wanaojua kuwazalisha, na wa Mafia wawe na watu Mafia, na wa Kwale wawe na watu Kwale. Hadi sasa, mtu anayetaka mayai ya guentheri huyapata kwa urahisi zaidi kwa posta kutoka Ulaya kuliko kutoka mtaani kwetu, na jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo nimekuja na vikopo. Viko juu ya meza iliyo karibu na mlango, na kila kimoja kina mayai ya guentheri wa uzao mmoja, kimeandikwa mahali na tarehe. Chukueni kimoja kwa kila familia au kila shule. Msivifungue leo wala kesho. Vikagueni kwa lenzi kuanzia wiki ya sita, na mkiona macho yenye duara la dhahabu, lowesheni. Wenye maswali kuhusu kipimo cha unyevu wabaki hapa mbele, kwa sababu nina beseni la unga wa makumbi, na nitataka kila mmoja aufinye kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaondoka. Ahsanteni sana.